Nyuzi Themanini na Tisa

Masinga alikuja na mashine mgongoni,
ameifunga kwa kanga ya mama yake,
Nkuhungu hadi Makole kwa miguu,
mwezi wa saba, upepo ukisukuma vumbi
mpaka katikati ya meno.

"Inachemka, halafu inaganda," akasema.
"Gari linaingia kona, halitoki.
Adui ananipiga kabla sijamwona akigeuka."
Fremu kumi na nane. Nyuzi themanini na tisa.
Alizitaja kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja presha ya baba yake.

Fundi huanza na maswali.
Draiva? Nimebadili mara tatu.
Vivuli? Nimezima. Majani nimezima,
maji nimeyafanya bati,
mpaka mji wa gemu umebaki mkavu kuliko Nzuguni.
Feni? Nimetoa ubavu wa boksi
nikaelekeza feni ya mezani, ile ya wageni.
Na dirisha?
Dirisha nilifungua, apate hewa.

Nikacheka. Samahani, nilicheka.
Kumfungulia dirisha mwezi wa saba, Dodoma hii,
mgonjwa wa vumbi!

Nikalegeza skrubu.
Mapezi ya kadi hayakuonekana.
Palikuwa na blanketi jekundu, limejifuma lenyewe
kwa udongo wa barabara, manyoya ya paka,
pumba za uwele,
na bawa moja la kumbikumbi wa mvua za Januari.
Nililivuta kwa kibano, likatoka zima kama soksi.
Chini, juu ya chipu, dawa ya kupitisha joto
ilikuwa imepasuka vipande vipande,
mbuga ya Bahi mwezi wa kumi.
Nikakwangua. Nikafuta kwa spiriti.
Nikaweka tone jipya, punje ya mtama,
basi. Wengine huipaka kama siagi,
kisha hunirudia.
Skrubu nne, kwa mshazari, robo kwa robo.

Washa.

Sitini na sita.
Masinga akajipiga paja.
Gari likaingia kona
likaganda.

Fremu thelathini. Thelathini kamili,
haipandi, haishuki.
Ugonjwa haukai hivyo, ugonjwa huyumba.
Kinachosimama wima namna hii
kimesimamishwa na mtu.

Nikaingia kwenye mipangilio,
na kabla sijafika nikamkumbuka huyo mtu.
Kikomo cha fremu: thelathini. Nguvu ya kadi: nusu.
Mei ya mwaka jana alikuja mama mwenye sare ya bluu,
karani wa mizani ya malori kule Nala,
na boksi jeupe (Masinga amelipaka rangi nyeusi baadaye,
ndiyo maana sikulitambua).
"Mwanangu akiwasha hiki, luku inakimbia.
Fanya unachoweza, Nyemo. Asijue."
Nikafanya. Alinipa elfu kumi na mfuko wa zabibu.
Zabibu sikufika nazo nyumbani.

Nikatoka nje na simu.
Upande wa pili, lori lilikuwa likishusha pumzi za breki.
"Yupo hapo?"
"Yupo. Joto limeshuka. Imebaki ile yetu."
Akanyamaza. Nikasikia lori likipanda kwenye mizani,
nikasikia kalamu.
"Weka hamsini," akasema,
kama anayeruhusu mzigo uliozidi kidogo tu.
"Na umwambie ni mimi. Kanga yangu irudi leo."

Nikaweka hamsini.
Gari likazunguka kona, na nyuma ya kona
kumbe kulikuwa na daraja,
na baada ya daraja taa za mji mzima
ambazo Masinga hakuwahi kuzifikia.

Nikamwambia.
Hakusema kitu. Hakulitazama hata daraja.
Alichukua kanga, akaikung'uta mlangoni,
akaikunja pembe kwa pembe, taratibu,
kisha akaikunjua, maana bado alihitaji
kuifungia mashine.

"Sasa dirisha nilifunge?"
"Mpaka mvua," nikasema.